Vibendera Viwili vya Mama Godelieve

Mama Godelieve akivaa kaske masikioni, hata umwite mara tatu hasikii. Sauti za watu zilipita kwenye kompyuta kama mstari wa vilima, naye akibonyeza, kibendera kidogo kinasimama juu ya mstari. Hakukiweka popote tu. Alingoja msemaji avute pumzi, ili ukikata pale sikio lisijue kitu.

Kwenye redio yao ndogo ya Manika, mjini Kolwezi, yeye aliweka alama na kuziandikia majina. Kukata ilikuwa kazi ya mkubwa wake, chef Badibanga, umeme ukirudi. Miaka tisa hivyo hivyo. Badibanga alikuwa pia parrain, baba wa ubatizo, wa mtoto wa kwanza wa Godelieve.

Siku kampuni ya mgodi ilipokutana na watu wa mtaa wa Godelieve, nyuma ya Kapata, yeye alirekodi yote. Mjumbe wa kampuni alisema: "Mutatoka hapa. Lakini hakuna mutu atatoka kabla ya nyumba yake mupya kujengwa." Karatasi hawakupewa. Ahadi ilibaki ndani ya lile faili tu. Godelieve akasimamisha vibendera viwili, mwanzo na mwisho wake, akaandika: AHADI, ISIKATWE.

"Mama Godé, kwa alama hizi hata kipofu anaweza kukata!" Badibanga akacheka.

Kesho yake redio ikasema: "Mutatoka hapa." Halafu makofi.

Godelieve alikimbia ofisini, akafungua faili. Kipande chote katikati ya vibendera vyake hakipo, na faili la kwanza, lenye rekodi nzima, limefutwa.

"Chef, ndio nini hii?"

"Bakubwa ba kampuni baliomba nikate. Mi niko na batoto, mama."

"Na ule ulimubeba kwa ubatizo, ye si mutoto wako?"



Mtaani, jirani yake Hamadi mwenye lori alikuwa anamngoja mlangoni.

"Batu bote tulisikia ile ahadi, Mama Godé. Nani mu Kolwezi muzima anaweza kuitoa bizuri hivi, kama si weye?"

"Tata Hamadi, mi naweka alama tu. Mi sikati."

"Alama ya nani, basi?"

Alama zilikuwa za Godelieve.

Wiki ile ile buldoza zikaja. Lori la Hamadi lilibeba mabati na magodoro ya majirani, safari tatu. Safari ya mwisho lilipita nusu tupu mbele ya Godelieve, aliyekaa juu ya kitanda chake barabarani, na halikupunguza mwendo.