Kisu cha Dagane

Nunow alikuwa mhunzi, na kwa Wasomali wenzake wa Garissa hilo lilitosha kumkosesha mkwe. Visu vyake walivigombania sokoni na kuchinja navyo hadi siku ya Idi, lakini binti yake hakuna aliyemtaka, kwa kuwa mfuga ngamia haoi kwa wahunzi. Kwa nini? Waulize wao, mimi sijasikia sababu yenye maana. Kisha akaja Dagane, kijana wa ukoo mkubwa, akamwoa Sharifo mchana kweupe, na ndugu zake wakamtenga. Nunow alimpenda mkwe yule kupita kiasi. Kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, alimtengenezea kisu.

Aliyeyusha maganda ya risasi, ambayo vita vilikuwa vimeyamwaga kila kichaka, akafua vipande viwili vya shaba vya kulikaza bapa pale linapoingia mpinini. Akavitoboa pamoja na chuma, akapitisha pini za shaba ileile, akazigonga ncha huku na huku mpaka zikatanuka ndani ya matundu, halafu akapiga tupa hadi jicho lisione pini ilipo. Moja tu ilimponyoka ikakaa upande, ikaacha doa. Nunow alitaka kuing'oa, Dagane akakataa, akisema hiyo ndiyo alama yake.

Mwaka wa 1966 Dagane alikuwa msituni na shifta, waasi waliopigana na serikali, na kisu kile kikakutwa shingoni mwa askari kando ya Tana.

Koplo Musyoka alikileta kikiwa bado na damu kavu. "Mzee, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu, afande. Lakini mimi natengeneza fisu mingi. Nani alinunua, hapana jua."

Kitako cha bunduki kikamvunja meno. Wakamwinua, wakauliza tena, wakampiga mbavu. Rahmo, mkewe, alipojitupa katikati walimkokota kwa nywele hadi nje. Koplo akatazama vyombo vya kazi, akaokota pini na nyundo. Askari wawili wakaulaza mkono wa kushoto wa Nunow juu ya fuawe, kiganja juu, na koplo akaigongomea pini katikati ya kiganja. Haikupita kwa pigo la kwanza. Nunow alisikia sauti ikipiga mayowe, akachelewa kutambua kwamba ni yake.

"Sema! Au nilete ya pili?"

Hapo ndipo Nunow alipopata wazo, maskini wa Mungu, akaliona ni zuri. Marehemu hapigwi risasi. Mursal, mfugaji wa njia ya Masalani, alikuwa ameuawa na malaria mwaka uliopita. Kumtaja kungemdhuru nani?

"Ya Mursal," akasema. "Nyumbani yake, njia ya Masalani."

Wakaenda. Rahmo alipomchomoa pini kwa koleo, Nunow alizimia, na alipozinduka alikuwa anacheka kwa mdomo usio na meno ya mbele. "Hawatampata," alimwambia mkewe. "Hawatampata Dagane wetu." Alilala amefurahi, na sithubutu kumlaumu.

Kesho yake mchana aliingia Arbia, mjane wa Mursal, miguu imechanika, nguo imeungua upande mmoja. Rahmo alimwekea kigoda, akakataa kukaa.

"Adeer Nunow," alisema, akimwita ami kwa heshima ileile ya siku zote, "walikuja na jina la mume wangu. Nikawaambia amekufa. Wakataka kaburi. Nilipowaonyesha, walilifukua, wakampindua kwa mateke ndani ya sanda yake."

"Astaghfirullah."

"Ndipo wakakasirika. Walichoma nyumba. Ngamia waliwamiminia risasi pale kisimani, wakaangukiana. Keinan, shemeji yangu, alimshika mmoja mkono amsihi, wakampiga risasi ya mdomo."

"Sikujua, Arbia. Nilidhani Mursal hawezi tena kudhurika."

"Mursal ana watoto, adeer."

Nunow akainamisha kichwa. Alidhani ameshasikia yote.

"Wakanionyesha kisu, wakauliza basi ni cha nani. Nilikijua. Dagane alikichinjia mbuzi wa sadaka siku tulipomzika Mursal, akatuonyesha lile doa. Wewe walikushika mkono. Mimi walinipangia watoto wangu kwenye uzio, wakaanza na mdogo, bunduki sikioni. Nikawaambia ni cha Dagane. Nikawaambia na nyumba ya mkewe, na kwamba Ijumaa huja kumwona."

Ilikuwa Ijumaa. Nunow aliruka akakimbilia mlangoni, na kabla hajaupita, risasi zikalia mwisho wa mtaa, nyingi, kwa pupa, kama za watu wanaoogopa kukosa. Zilipokoma, Sharifo alikuwa analiita jina la mumewe, analirudia na kulirudia.

Nunow akageuka. Mkono wake wa kulia, uliokuwa mzima, ulipanda wenyewe hadi kooni mwa Arbia, ukamkaba, na hasira ilikuwa tamu. Arbia hakujitoa. Alimtazama tu, akingoja.

Nunow akamwachilia. Angekuwa yeye pale kwenye uzio, angelisema jina hilohilo, tena mapema zaidi.

"Watoto wako wako wapi?" akamuuliza.

"Nje, kivulini. Hawajala tangu jana."

"Rahmo," akasema Nunow, akijifuta machozi kwa kitambaa cha jeraha, "wape chakula." Kisha akatoka kwenda kumwokota mkwe wake.