Chumba cha Juu cha Loice Nyanchera

Loice Nyanchera alikuwa fundi wa kushona nguo katika soko la Kebirigo. Kwa miaka mingi watu walimjua kwa gauni za harusi na sare za shule. Baadaye walimjua kwa jambo jingine: yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kilimani kwetu kutaka nyumba ya ghorofa. Wengi walidhani ni maringo. Hayakuwa maringo. Mumewe alikuwa amehama kitanda.

Mumewe aliitwa Joash Angwenyi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Aliendesha lori la kukusanya majani ya chai kwenye vituo vya wakulima, kazi aliyoipata miaka ile chai ilipoanza kushika katika mashamba madogo. Walipooana walijenga nyumba ya matofali mabichi na mabati: sebule mbele, vyumba viwili nyuma, na ubavuni ghala la mahindi na wimbi. Kuta za ndani zilikomea kimo cha mtu. Juu yake palikuwa wazi hadi kwenye mabati, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba hiki, wa chumba kile humwambia pole.

Hilo halikumsumbua mtu hadi mwaka wa 1969. Mama yake Angwenyi, Mong'ina, mjane, alikuwa na nyumba yake ya nyasi upande wa chini wa boma. Wakati wa mvua kubwa za mwaka huo aliteleza akaangukia jiko la mafiga, akaungua mguu na kuvunjika nyonga. Alikaa hospitali muda mrefu. Alipotoka alitembea kwa fimbo, na daktari akasema asiachwe alale peke yake tena. Angwenyi alimbeba mgongoni kutoka barabarani, na Loice akampangia chumba kimoja kati ya vile viwili vya nyuma. Watoto wakahamia sebuleni na magodoro yao.

Sasa, kwetu Wagusii kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, kati ya mzazi na mwanawe aliyeoa. Mama hapaswi kuona wala kusikia la chumbani kwa mwanawe, na mwana naye hapaswi kumtia mama yake katika hatari ya kusikia. Hakuna aliyesema neno siku Mong'ina alipohamia. Lakini wiki haikuisha kabla Angwenyi hajachukua blanketi na kusema anakwenda sokoni kulala ndani ya lori, maana wezi wameanza kufungua taa za magari.

Loice alimwamini mwezi wa kwanza. Msimu mmoja wa mvua ukapita, ukapita wa pili, na hakuna taa ya gari iliyoibwa Kebirigo nzima. Angwenyi alikuwa akija asubuhi shingo imekakamaa, anakunywa chai amesimama, kisha anaondoka. Alianza kukonda.

Sabato moja alasiri, wakirudi kanisani kwa miguu na watoto wametangulia mbele, Loice alimuuliza, "Hilo lori umelioa lini?"

Angwenyi alicheka, kisha kicheko kikakatika. 

"Mama Abigael," akasema hatimaye, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa, "ukuta ule ni mfupi."

"Basi tuurefushe."

"Hata ukifika kwenye mabati. Nitajua tu yupo hapo."

Hakuweza kusema zaidi ya hayo, na Loice hakumlazimisha. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kuitazama nyumba yake jinsi alivyotazama mteja aliyenenepa akiwa na gauni lile lile. Upande wa kulia, chai ilifika karibu na ukuta. Kushoto ni ghala, na baada ya ghala migomba. Mbele ni njia ya watu wote. Nyuma, ardhi inateremka ghafla kuelekea kijito. Kung'oa chai hakukuwezekana. Ndiyo iliyowasomesha watoto. Hapo ndipo alipokumbuka mji wa Kisii, alikokwenda kununua vitambaa. Maduka ya Wahindi yalikuwa chini, na wenye maduka walilala juu. Mara nyingi, akingoja kukatiwa kitambaa, alimwona mke wa mwenye duka kule juu akianika nguo barazani, ametulia, mbali na kelele za mtaa.

 Kesho yake sokoni, wateja walipopungua, alitandaza karatasi ya kaki aliyotumia kukatia mitindo ya nguo. Alichora chumba kwa chaki, akakikata kwa makasi. Akakata na dirisha. Akakata ngazi, akaibandika kwa pini. Angwenyi alipopita na lori alimwita, akampa ile karatasi. Aliishika kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto mchanga.

"Hiki ni nini?"

"Chumba chetu. Juu ya nyumba."

Aligeuza karatasi, akaigeuza tena. Loice alingoja amwambie amerukwa na akili.

"Dirisha litatazama wapi?" akauliza Angwenyi.

"Manga."

"Kule juu tutauona ukingo wote wa mlima Manga," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikaa chini kunywa chai.

Walimwita Nyamweya, fundi mwashi, mtu wa maneno mengi na kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde. Alizunguka nyumba, akachoma ukuta kwa msumari, na udongo ukamiminika kama unga.

"Kuta hizi zinabeba mabati kwa huruma tu," akasema. "Mkiweka chumba juu yake mtakipata kesho sebuleni." Kisha akaitazama karatasi ya Loice, akaangua kicheko. "Na halafu, kitanda chenu mmekiweka juu ya chumba gani? Si ndicho anacholala mama? Angwenyi, yaani utalala juu ya kichwa cha mama yako?"

Dirisha la Mong'ina lilikuwa wazi. Alikuwa ameketi ndani, akichambua wimbi.

Siku iliyofuata Loice alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda cha mama mkwe wake kimetandikwa vizuri, na fimbo haipo. Angwenyi alikuwa amesimama nje ya ile nyumba ya nyasi, ambayo sasa paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja. Alikuwa akiita, na ndani hakuna anayemjibu.

"Niachie mimi," Loice akamwambia.

Alimkuta Mong'ina ameketi kwenye kigoda, anahangaika kuwasha moto kwa kuni mbichi. Moshi ulikuwa umejaa, na mguu wake ulioungua ulikuwa umenyooshwa pembeni.

"Mama, umetuacha?"

"Sijawaacha. Nimerudi kwangu."

"Kwako kunavuja."

"Kunavuja, ndiyo. Lakini hakuna mtu atakayenipanda kichwani."

 Mambo ya kitanda si ya kuzungumza na mama mkwe, hata kuni zingekuwa zinawaka. Akapiga magoti, akapanga kuni upya, akapuliza mpaka mwali ukashika. Mong'ina alimtazama kwa muda.

"Hicho kitu ulichokata kwa makasi," akasema. "Nasikia kina ngazi."

"Kinayo, Mama."

"Inapita wapi?"

"Sebuleni. Mbele ya mlango wako."

"Hapo ndipo ulipoharibu." Mong'ina alisogeza kigoda karibu na moto. "Unadhani nimekichukia chumba? Mwanangu anakonda. Analala ndani ya chuma kama gunia la mzigo. Unadhani sijui ni nani aliyemtoa ndani? Nilikuwa nangoja mniambie. Mkanyamaza, nami nikanyamaza. Mwisho wake nasikia habari zangu kutoka kwa Nyamweya, kupitia dirishani!"

"Tulikuwa tunakuonea haya, Mama."

"Najua. Nami niliwaonea haya." Akainua fimbo akaielekeza kwenye nyumba kubwa. "Ghala lile linalala nani?"

"Hakuna mtu. Mahindi tu."

"Mahindi hayana haya. Jengeni juu ya mahindi. Na hiyo ngazi ipite nje, upande wa migomba, nisione nani anapanda na nani anashuka."

Loice alijifunika mdomo kwa kanga. Alijaribu kuzuia kicheko kikamshinda, na alipoinua macho akamwona mama mkwe wake naye mabega yanatikisika. Walicheka mpaka Angwenyi, kule nje, akauliza kuna nini. Wote wawili wakamwambia hakuna kitu.

"Utarudi?" Loice akauliza walipotulia.

"Nitarudi mkinitobolea mlango wangu mwenyewe, wa kutokea nje. Nimechoka kupita katikati ya viti vya wageni kama kuku aliyepotea."

Jioni hiyo alirudi akiwa amemshika Loice mkono. Mlango wake ulitobolewa kabla ya kitu kingine chochote, ukaelekea mashariki, na kuanzia hapo sehemu ile ya nyumba ikaitwa kwa Mong'ina. Aliyemtaka alibisha hodi kwenye mlango wake. Wajukuu walipeleka chakula kwake kama wanakwenda nyumba nyingine.

Loice alikata karatasi mpya. Nyamweya aliipima kwa macho na safari hii hakucheka. Ghala la zamani libomolewe, akasema, lichimbiwe msingi wa mawe, kuta ziinuliwe kwa matofali ya kuchoma, na sakafu ya juu iwe ya mbao juu ya boriti za mkaratusi. Ghala jipya lingeweza kusimama lenyewe bila kuegemea zile kuta za huruma.

Kazi ilikwenda kwa vipindi, mavuno ya chai yaliporuhusu. Mawe yalitoka mtoni, yakibebwa kichwani na watoto na akina mama wa kanisani, ambao Loice aliwalipa kwa kuwashonea. Matofali waliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Angwenyi aliyapanga kila siku baada ya kazi, amefunga kitambaa kichwani, akiimba nyimbo za kanisani kwa ile sauti yake ndogo. Bado alilala kwenye lori, lakini sasa aliamka na kuja mapema, kuona ukuta umefika wapi.

Mwaka wa pili walikosea. Angwenyi hakuwa na subira, akainua ukuta wa upande wa migomba Aprili mvua zikiwa zimeshaanza. Asubuhi moja wakaukuta umelala kwenye migomba, matofali yamejaa tope. Angwenyi aliketi juu ya kifusi akashika kichwa.

"Labda Mungu hataki," akasema.

Mong'ina alikuwa mlangoni kwake, anaota jua dogo lililotokeza. "Mungu hajasema kitu," akamjibu. "Nyamweya ndiye aliyesema mngoje Juni. Simama. Hayo matofali mazima yatengeni na yaliyovunjika, mniletee hapa niyasugue udongo."

Na aliyasugua kweli, ameketi, tofali moja moja, mpaka mikono ikawa myekundu. Loice alisema baadaye kwamba aliposhindwa kabisa kuamini kwamba chumba kitaisha, aliutazama mgongo wa mama mkwe wake umeinamia matofali, akarudi kwenye cherehani.

Kiliisha mwaka wa 1974, baada ya mavuno ya mahindi. Kilikuwa na sakafu ya mbao iliyonukia, dari nyeupe, dirisha la vioo lenye mbao za kufunga kwa nje, na pazia la maua ambalo Loice alilikata na kulishona mara tatu kabla ya kuridhika. Siku ya kupandisha kitanda iligeuka kichekesho. Ngazi ya nje ilikuwa na kona, na kitanda kilifika hapo kikagoma. Wanaume walikigeuza huku na huku, Nyamweya akitoa amri na kila mtu akimpuuza, mwishowe wakakifunga kamba, wakakivuta kwa nje na kukiingiza kupitia dirishani.

Muda wote huo Mong'ina alikuwa uani. Alipoona kitanda kinatokea, alikigeuza kiti chake, akakipa chumba mgongo, akakaa anaitazama chai mpaka alipoambiwa kwamba wamemaliza. Angwenyi aliona. Alishuka, akasimama mbele ya mama yake.

"Nendeni mkale," Mong'ina akamwambia. "Watu wamefanya kazi."

Asubuhi ya kwanza Loice aliamka kabla ya jua. Alisukuma dirisha. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa katika bakuli, na juu yake ukingo wa Manga ulikuwa umenyooka wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama Angwenyi alivyosema. Wachumaji wa kwanza walikuwa wameshaingia kwenye chai na vikapu mgongoni. Aligeuka kumwonyesha Angwenyi. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, shingo imelegea, usingizi wa mtu ambaye hana taa ya gari ya kulinda. Hakumwamsha.

Alishuka polepole kwa ile ngazi ya nje, viatu mkononi, akazunguka nyumba kwenda jikoni. Mong'ina alikuwa ameshafungua mlango wake, ameketi kizingitini na shuka mabegani. Hakumtazama usoni. Aliitazama njia.

"Kumekucha huko?" akauliza.

"Kumekucha, Mama."

"Basi uji wa leo uweke kwenye sufuria kubwa," akasema Mong'ina. "Naona tuko wengi."