Mtandio Juu ya Laptopu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitafuta mashuka kabatini, akaibuka na ile laptopu nyeusi ya mama yake, nzito kama tofali. "Bibi, mzoga huu bado mnauweka?" Nikampokonya. Mzoga! Nikaifungua, harufu ya udi imo vilevile, nami mwenzenu nikarudi miaka ile ya elfu mbili na kidogo, Wadi Kabir, mtaa wa mafundi huku kwa Waarabu.

Binti yangu, mama yake huyu mjukuu, alipoolewa, wanawake tulifunga milango, tukavua mabuibui, tukacheza vichwa wazi. Mama yangu, mtu wa kutembelea fimbo, aliitupa fimbo akaingia kati, nywele kazisuka, asmini zimemjaa. Picha alizipiga shoga wa biharusi, zikatiwa kwenye laptopu. Studio hatukuzipeleka, studio kuna wanaume. Haukupita muda mama akafariki, na laptopu nayo ikagoma kuwaka. Kicheko chote cha mama kimo mle, kwengine hakipo.

Nikaipakata mwenyewe, nikapanda teksi. Fundi alikuwa Mtanzania wa bara, duka lake limebanwa na magereji, nyundo zinalia, mafuta ya gari yananuka. Mie kusoma kwangu kumeishia kwenye msahafu, lakini mtu wa kunichezea hajazaliwa.

"Iache, bibi, uje kesho."

"Nikuachie? Unajua mna nini humo?"

"Sijui."

"Basi na usijue. Wewe fanya, mie nakutazama."

"Kwani ina dhahabu?"

"Kunja mikono ya shati."

Akacheka, akakunja.

Nikavuta kiti, nikamimina kahawa niliyokuja nayo, jicho kwenye vidole vyake. Akafungua skrubu, akatoa betri, akachomoa kibao chembamba, eti meno yake yameshika uchafu, akaanza kukisugua kwa raba, hii hii wanayofutia watoto wa skuli. Nikasema moyoni, huyu ananiona juha. Au ndivyo wanavyoziiba picha? Kila mkono wake ukishuka chini ya meza, nakohoa.

Akarudisha vitu vyake, akabonyeza. Ndani mkanguruma. Kioo kikawaka, na cha kwanza kutokea, kioo kizima, mama! Kichwa wazi, kinywa wazi, anacheka.

Sikufikiri. Nikauvua mtandio wangu nikamfunika. Mara nikasikia upepo wa feni ya dukani unanipiga utosini. Nimemsitiri mama, nimejianika mie.

Kumtazama fundi, keshageukia ukutani, pua inagusa kalenda.

"Sijaona mtu, bibi. Jifunike taratibu."

Nikauchomoa mtandio, nikaibamiza laptopu, nikajitanda.

"Tayari, bibi? Shingo inauma."

"Geuka," nikamwambia. Nikammiminia kahawa, na mie kahawa yangu simpi kila mtu.

Picha tulizitazama miaka, wanawake peke yetu, tukilia na kucheka. Kisha laptopu ikalala tena, na lile duka sasa wanauza matairi. Harusi za siku hizi hazina mlango wa kufunga, kila mkono umeinua simu. Mjukuu wangu anasema ataipeleka laptopu kwa fundi, picha zote azirushe kwa ukoo mzima, na yeye haoni ubaya wowote.

Nimemwambia twende, lakini naishika mie. Mkobani nimeshatia mtandio wa pili, wa kumfunikia mama. Huyo fundi wa leo ndiye nisiyemjua, kama akiambiwa ageuke atageuka, sembuse kugeuka bila kuambiwa.