Mpimaji Anayetoka Area 25

Mpimaji wetu wa korona hapa kambini Dzaleka hagusi pua ya mtu kabla ya kumsalimu. Akiwa mbali huishusha barakoa yake kidogo ili uone uso, kisha huipandisha na kuja na kile kijiti kinachotoa machozi. Akimaliza husema "zikomo", asante ya kwao Wamalawi, kana kwamba umempa kuku. Kichupa chenye kijiti hukiweka kwenye boksi la barafu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe maji, na gari hulipeleka Lilongwe, ambako maabara husoma vinasaba na kusema kirusi ni cha aina gani.

Juzi majibu yalirudi: aina mpya. "Sasa batasema njo sisi bakimbizi tuliileta," alisema Mama Générose, aliyekuwa mbele kwenye foleni, akaanza kuondoka, na wengine nyuma yake.

Mpimaji alivua glavu, akaitazama mikono yake, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu: "Hapana, mama. Ni ile ile iko kwetu Lilongwe, Area 25. Na mutu anatoka Area 25 kila asubui kuja hapa, njo mimi."

Mama Générose alirudi, akakaa kitini, akainua pua. Safari hii, aliyetangulia kusema zikomo ni mama.