Shemeji Alitia Sahihi, Jina Langu Likakatwa

Mhariri, nakushukuru kwa kukubali kulificha jina langu, maana ninayemsema humu ni mtu wa nyumbani kwangu, na gazeti hili linasomwa mpaka sokoni Iringa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, Mnyakyusa wa Rungwe. Nilirudi kutoka vita vya Bama, yaani Burma, nikiwa najua kusoma, kuandika na ufundi wa mbao. Nina mke na watoto watatu, na sasa tunaishi hapa Mbeya. Lakini kisa changu kilianzia Iringa, kwenye kiwanda cha kupasua mbao ambako nilifanya kazi miaka mitano.

Nilipopata kazi pale sikula peke yangu. Nilimwita shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Humu nitamwita Ambakisye. Kabla hajamleta dada tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kihesa, tukala sahani moja, na kila jioni nikamfundisha kuandika.

Siku moja msumeno mkubwa ulimkata mwenzetu Ezekia vidole vitatu. Msumeno ule haukuwa na kifuniko. Kesho yake tukawa watu saba, mimi na shemeji tukiwamo, tuliosema hatuusogelei mpaka ufunikwe. Bwana mwenye kiwanda akatufukuza wote palepale. Wenzangu walitaka twende bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa serikali wa wilaya, tukashtaki. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia kesi itachukua miezi, na hata tukishinda tutarudi kazini kwa adui. Afadhali tutafute mtu wa kutupatanisha. Tukamwendea Mzee Shomari, muuza nguo wa sokoni, Mwislamu anayeheshimiwa na watu wa kila dini. Hata yule Bwana alikuwa akimsikiliza.

Alituketisha dukani kwake pamoja na Bwana, akasema, "Mimi sihukumu mtu. Kazi yangu ni kusikia huku na kusikia kule, mpaka mpate neno mnaloweza kuishi nalo wote."

Tulikaa vikao viwili, mimi nikiwasemea wenzangu. Bwana alifoka, akagonga meza, lakini mwishowe alikubali kuufunika msumeno na kumpa Ezekia kazi ya kulinda lango. Likabaki neno moja tu, la sisi saba kurudi kazini.

Hapo ndipo ikaja habari kwamba mama yangu ni mgonjwa sana Rungwe. Nikamwambia shemeji, "Kaa mahali pangu. Ila msitie sahihi mpaka nirudi."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shemeji, mimi nitawezaje kukuacha wewe?"

Nilimuuguza mama siku tisa. Niliporudi nikaenda moja kwa moja kiwandani. Ezekia alikuwa langoni. Aliponiona akainamisha kichwa. "Kaka, jina lako halimo."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Nikashuka mpaka dukani, na Mzee Shomari akanitolea karatasi ya mapatano. Sita wanarudi kazini. Wa saba, aliyewachochea wenzake, asionekane tena kiwandani. Chini palikuwa na alama tano za dole gumba, na jina moja lililoandikwa kwa wino, Ambakisye. Herufi zile nilimfundisha mimi.

Mzee naye alishtuka. "Mwanangu, nilimuuliza mara tatu kama unajua. Akaniapia kwamba umemtuma, kwamba kazi huitaki tena, unabaki kwenu kumlea mama."

Wiki ileile shemeji alifanywa mnyapara. Nilimfuata nyumbani kwake, dada akiwa anasonga ugali. Wala hakukana. "Bwana alisema ni wewe mmoja au sisi sita. Ningefanyaje? Mimi nina watoto."

"Na mimi nina mbuzi?" nikamuuliza.

Dada aliacha mwiko kwenye sufuria akatoka nje bila kusema neno. Kimya kile kiliniuma kuliko ile sahihi.

Nikahamia Mbeya, nikaanza upya kwa kutengeneza bodi za malori. Miaka miwili hatukusalimiana. Hata tulipomzika mama, shemeji alisimama ng'ambo ya kaburi.

Sasa mwezi uliopita dada alishuka kwenye basi, mjamzito, macho yamemvimba. Mumewe amefukuzwa. Kile kifuniko cha msumeno kiliondolewa ili kazi iende haraka, na mmoja wa wale sita akakatwa mkono. Bwana anasema mnyapara alikiondoa kwa akili yake. Shemeji anasema aliamriwa. Wamekubali kupatanishwa, lakini Mzee Shomari yuko kitandani, hawezi. Alipoulizwa nani akae mahali pake, akanitaja mimi. Na pande zote mbili zimekubali! Bwana amesema eti katika watu wote, mimi sikuwahi kumdanganya.

Dada akapiga magoti. "Kaka, wakitutoa kwenye nyumba ya kiwanda, nitajifungulia wapi?"

Nikamuuliza lile nililolibeba miaka miwili. "Siku ile mbona ulinyamaza?"

Alilia muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa sababu alikuja kuniuliza kabla hajatia sahihi. Mimi ndiye niliyemwambia atie."

Ndugu zangu, sikuweza hata kumwinua pale chini. Mke wangu ndiye aliyemwinua, na ni mke wangu huyohuyo anayeniambia nisiende, wavune walichopanda. Kikao kimesogezwa mpaka baada ya Pasaka ili nipate kufikiri. Mpatanishi hatakiwi kuwa na upande, nami naogopa nitakaa katikati yao nikilipiza kisasi kwa maneno ya upole, bila mtu kunigundua. Nikikataa, hakuna mwingine waliyekubaliana naye, na mtoto wa dada yangu atazaliwa barabarani.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mliowahi kuuzwa na damu yenu, nisaidieni mawazo. Kiti kile nikikalie, au nikiache?