Viti vya Nangila Vilivyopeana Mgongo

Nyinyi mnaoingia hotelini siku hizi, mnaagiza chai moja na kufanya kazi nayo mpaka jioni, msidhani mmevumbua kitu. Nangila alishawahudumia wajanja wa namna hiyo pale Eldoret wakati wa chama kimoja, nyinyi mkiwa bado mnanyonya.

Hoteli Mapema haikuwa kubwa, na anayesema ilikuwa kubwa hakuwahi kulala humo. Lakini launji yake, hapo mji mzima ulinyamaza. Moto wa kuni ukutani, makochi ya ngozi yaliyoachwa na wazungu, picha ya Rais juu ya kaunta, na Nangila.

Alitoka upande wa Kimilili, mwili mkubwa, sauti ndogo. Miaka yake ya kwanza aliimalizia kwa dobi, nyuma ya jikoni, akipigana na mashuka katika maji ya baridi ambayo hata bata angeomba radhi. Ni maajenti wa mauzo waliomtoa huko. Walikuwa watu wa tai na mikoba, wanashuka kutoka baridi ya Timboroa wakitetemeka, ofisi zao ziko Nairobi, wateja wao wako Kaptagat, na hapo katikati hawana pa kuweka hata kalamu. Oda waliziandikia juu ya boneti za magari. Nangila akawaonea huruma. Akawaita ndani, akawasogezea vimeza, akawapokelea na simu: Bwana Murunga wa bima ametoka kidogo kuona mteja. Na Murunga mwenyewe anakoroma hapo kwenye kochi. Chai ikauzika sana. Meneja, Bwana Macharia, akamtoa kwa dobi akamkabidhi launji yote.

Balaa ililetwa na Gerishon Wanyoike, ajenti wa pampu za kuogeshea ng'ombe, mtu ambaye haya ilimpitia mbali. Kabla hajaenda kwa mkulima alisimama mbele ya moto na kufanya mazoezi ya maneno yake. Wenzake wakazoea kuvuta viti duara, wamsikilize na kumkosoa. Siku moja akaongea vizuri mno, wakampigia makofi.

Makofi yale yalisikika mpaka barabarani. Na miaka hiyo, kumzunguka mtu na kumpigia makofi bila leseni ya mkutano halikuwa jambo la kuchezea. Kesho yake mtu wa kofia ya kahawia, kachero kwa kumtazama tu, akaja kaunta, akaagiza soda asiinywe, akamuuliza Macharia kwa upole wa kutisha: hiki kikundi kinachokutana hapa, mwenyekiti wake ni nani?

Macharia alirudi ofisini kwake anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Akamwita Nangila, akamwambia maajenti watoke, launji ifungwe, na yeye arudi kwa dobi. Nangila akaomba apewe nafasi moja tu. Mtu wa kofia akirudi, hatakuta mkutano.

"Akiukuta," Macharia akasema, "wewe utarudi kwa mashuka. Mimi sijui nitapelekwa wapi."

Nangila akaanza vibaya. Aliwaambia maajenti wanong'one. Jamani, umewahi kuona wanaume wazima wenye tai wananong'onezana chumba kizima? Mtu wa kofia alipochungulia mlangoni wakanyamaza wote kwa pamoja, Gerishon akakohoa, na ukweli ni kwamba hata wezi wa benki wangeonekana watakatifu kuliko wao. Mtu wa kofia akatabasamu, akaenda zake. Macharia hakula siku hiyo, akamwonya Nangila kwamba mtu huyo akirudi tena ndiyo mwisho.

Jumapili Nangila alikaa benchi la nyuma kanisani Kimumu, roho nzito, mahubiri yakimpita juu ya kichwa. Akawa anaangalia migongo. Watu wote wametazama upande mmoja, kwa mtu mmoja. Ibada ilipokwisha wakatoka nje, watu walewale, huyu anatafuta mtoto wake, yule anafunga kiatu, kila mmoja ameelekea kwake. Nani angesema hiyo ni ibada? Nangila akacheka peke yake, na mama aliyekuwa karibu naye akasogea mbali kidogo.

Jumatatu maajenti walikuta launji imevurugwa. Kiti kimoja kinatazama dirisha, kingine moto, kingine pazia, kingine ukuta, na kila kimoja kina kimeza chake na birika lake dogo.

"Mama, umenipa ukuta kama mtoto mtundu wa shule," Gerishon akalalamika.

"Ukuta haupigi makofi," Nangila akamjibu. "Kaa."

Alikaa. Siku hiyo alimaliza oda zote kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo mkewe hakuliamini.

Mtu wa kofia akarudi. Macharia akajificha nyuma ya vitabu vya hoteli, macho tu nje. Yule mtu akasimama katikati ya launji, akageuka huku, akageuka kule. Migongo mitupu. Kalamu zinakwaruza. Hakuna anayemtazama mwenzake, basi mwenyekiti atoke wapi? Akasimama hivyo muda mrefu, mpaka Nangila akaona mfuko wake wa koti umevimba makaratasi, na viatu vyake vina tope la safari ndefu.

"Mama," akamuuliza, "hii ni hoteli au ofisi?"

Nangila akaifuta meza iliyokuwa karibu. "Ni hoteli, bwana. Ofisi zao ziko mbali. Hapa wanapumzisha mikono kwenye meza."

Mtu wa kofia akaupapasa mfuko wake wa makaratasi. Hata ofisi yake ilikuwa mbali, Nakuru, na ripoti zake alikuwa akiziandikia gotini, ndani ya gari.

"Na mtu mwingine mwenye kazi ya kuandika?"

"Atakunywa chai?"

"Atakunywa."

"Basi achukue kiti kile. Asikigeuze tu."

Akavua kofia, akakaa, akaandika. Aliandika nini hakuna aliyejua, lakini Macharia hakuulizwa tena habari za mwenyekiti, na Nangila alibaki na launji yake mpaka nywele zikawa nyeupe. Shida iliyobaki ilikuwa ndogo. Yule bwana alipenda kiti cha karibu na moto, kilekile alichokitamani Gerishon, na alikuwa akiamka mapema kuliko Gerishon.

"Mwambie atoke hapo," Gerishon alikuwa akimnong'oneza Nangila kila mara.

"Mwambie wewe," Nangila anamjibu, na kumpelekea chai yake kulekule ukutani.