Ukoka wa Mteremko wa Najma

Mwanaheri alizaliwa Segerea siku ambazo watu wa mjini waliijua kwa gereza tu, akaolewa hapohapo na kufiwa na mume hapohapo. Kwa vitumbua hakuwa na mpinzani, na kwa ulimi pia. Ila mtajie Najma, uone anavyonywea.

Najma alikuwa mwanawe wa pekee. Surua ilimchukua angali mdogo, enzi zile za shida, dukani hakuna sabuni na zahanati hakuna dawa. Wakamzika kwenye kiwanja cha ukoo, juu ya mteremko unaoshukia kijitoni. Kaburi halikujengewa, ndivyo walivyozoea kwao. Mashahidi, vile vibao viwili vya kichwani na miguuni, viliisha kwa mchwa. Mwanaheri akapanda ukoka, kaburini na mteremko mzima, kipande kwa kipande, ukashika mchanga barabara. Alhamisi jioni alikuwa haendi kwa mtu. Aliketi na mwanawe, akang'oa magugu, akampasha habari za mtaa. Akichokoa udongo na kukuta nyungunyungu, aliwafunika taratibu, maana aliwaita majirani wa Najma.

Serikali ilipowafungulia watu biashara, kila karani akawa tajiri mtarajiwa. Adelard, karani jirani aliyetoka Bukoba, naye akajenga banda la kuku wa kisasa. Nani amlaumu, na mshahara wenyewe ule? Kasheshe ikawa pa kutupa mavi ya kuku. Siku moja akaja uani kwa Mwanaheri, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naona unavyohangaika na zile nyasi za kwa mtoto. Nikuwekee samadi kidogo pale kaburini, zistawi?"

"Kaburini! We Adelard, ile si najisi?" Kisha akaona amemwonea, kijana wa watu ana nia njema. "Mwaga huku chini, kwenye mteremko. Kwa mwanangu usifikishe."

Adelard akamwaga. Mvua za kwanza tu, mteremko ukakolea kijani mpaka wapita njia wakauliza siri. Mwanaheri akavimba kichwa, akaagiza zaidi, na mwaka uliofuata zaidi tena. Ungemwambia nini mama aliyeona mahali pa mwanawe panapendeza? Mie nisingethubutu.

Baadaye mchicha pori ukaota, mrefu, ukaufunika ukoka hadi ukoka ukadhoofu. Udongo ukanuka uchachu. Mwanaheri alichokoa hapa, akachokoa pale, hakuona hata nyungunyungu mmoja. Akajipa moyo kwamba wamehama kwa sababu ya jua.

Aliyemfungua macho ni Kornelio, bwana shamba, siku aliyokuja kutazama kuku wa Adelard. Alishika fungu la ukoka mteremkoni, likatoka lote bila kubisha. Mizizi ilikuwa mifupi kama ndevu za kijana.

"Mama, nyasi hizi mmezishibisha kupita kiasi," alisema. "Chakula chote kiko juu, mizizi ishuke kutafuta nini? Na vijidudu vya udongoni mmeviunguza. Acheni samadi, pandeni upya. Hapa sasa hivi hakuna kinachoshika mchanga."

Siku hiyohiyo Adelard aliacha. Akaja na jembe mwenyewe, wakapanda wote wawili, Mwanaheri akichomeka vipande kwa vidole vilevile vilivyompandia Najma mara ya kwanza. Walikuwa wamechelewa. Ukoka haujashika, ikaingia mvua ya Elinino, ile iliyonyesha kana kwamba haijui kuacha.

Mteremko ulianza kumeguka kwa chini, pale palipopewa samadi. Kaburi lenyewe halikuwa na kasoro, ukoka wake mzima, mizizi yake mirefu, lakini lingekaa juu ya nini? Asubuhi, mahali pa kaburi, Mwanaheri alikuta ukingo mbichi na maji mekundu yakipita. Wanaume wa mtaani waliingia kijitoni, wakapekua matope hadi jioni. Hawakupata kitu cha kumrudishia.

Adelard alikuja amelowa, akapiga magoti matopeni mbele yake.

"Nisamehe, mama. Ni mavi ya kuku wangu."

"Mie ndiye niliyekuonyesha pa kumwaga," Mwanaheri alisema.

"Nitamjengea kaburi la saruji. Nakuapia, mama, nitamjengea zuri."

Mwanaheri akatazama kule maji yalikoelekea.

"Utamjengea wapi, baba? Mie sijui mwanangu yuko wapi."